Kitabu cha Saba Kiko Dundori

Jumatatu, 5 Mei

Zakayo,

Sijui kuandika bila kumwandikia mtu, ndiyo maana nimeweka jina lako hapo juu. Hutasoma. Naandika ili mikono ifanye kitu baada ya kufunika cherehani.

Sketi za shule tena. Za bluu. Nimeshona mikunjo mpaka nikaanza kuona bluu ukutani. Mvua mchana kutwa hapa Lanet. Stima ilipotea ikarudi. Nimepika chai ya jioni, nikamimina vikombe viwili. Nimekunywa vyote. Kumwaga chai ya maziwa hukuwa unapenda.

Halafu saa yetu ile, kabla ya taarifa ya habari. Nilikuwa jikoni, mikono ndani ya sufuria. Nikakusikia ukicheka sebuleni.

Kwanza puani. Kisha kiti kikalia, kama kinavyolia mabega yako yakitikisika. Kisha kikohozi. Kisha neno moja: Subiri.

Nikasubiri. Mwili ulisubiri kabla akili haijakumbuka kwamba tumekuzika.

Nilipoingia sebuleni hakukuwa na mtu. Redio imezimwa. Nimeshika kitambaa cha kiti chako. Kilikuwa na joto.

Nimeogopa. Nimelala na taa.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshinda nikiwaza vitabu vyako. Acha niandike vilikuwaje, maana Shiru binti yetu hakuwahi kuvijali, na nikienda mimi hakuna atakayejua.

Ni hadithi za mauaji, lakini za kuchekesha. Mwalimu mwenzako wa Kifaransa aliporudi kwao alikuachia vyote saba, ndani ya katoni ya sabuni. Familia moja, jiji kubwa huko Ufaransa, nyumba ndefu kuukuu yenye lifti mbovu. Katika kila kitabu mtu anauawa humo ndani. Kila mara polisi wanaishuku familia hiyo. Kila mara nyanya yao anawaokoa bila yeye mwenyewe kujua amefanya nini.

Majina yao yalinishinda, ukawabatiza upya. Nyanya akawa Shosho wa Ghorofa. Kazi yake ni kuhudhuria mazishi ya watu asiowajua, kwa sababu ya chakula. Kuna Mjomba Bafu, aliyehamia bafuni siku mkewe alipoondoka na kitanda, na hajatoka. Wanaotaka kuoga wanapiga hodi. Kuna bata bukini waliyemnunua wamchinje Krismasi, wakamwonea haya. Sasa anakwenda nao misa.

Nilikuwa nacheka nikiwa kwa fundi wa viatu, nimemkumbuka Mjomba Bafu. Watu walinitazama.

Ulikuwa ukisoma sentensi kwa Kifaransa, sauti ya chini, halafu unaniambia kwa Kiswahili. Penye kichekesho ulicheka wewe kwanza, mimi bado gizani. "Subiri," unasema, unajifuta macho. "Subiri, Mama Shiru, inakuja." Nami nasubiri na sindano hewani. Halafu inakuja. Kicheko changu kilifuata chako kama ndama anavyofuata mamake, kila jioni ya ndoa yetu, isipokuwa jioni za ugomvi.

Sheria ilikuwa moja tu. Hakuna kusoma mbele peke yako. Hata ukikosa usingizi. Hata nikiwa Eldoret kwa Shiru wiki nzima. Kitabu kinangoja.

Leo umecheka tena. Saa ileile.

Jumatano, 7 Mei

Nimepanda kiti nikaangalia rafu. Vitabu sita. Cha saba hakipo.

Sikukitafuta mapema kwa sababu nilidhani kimo kwenye mfuko wa hospitali. Leo nimefungua mfuko. Taulo. Kikombe. Soksi zako. Ganda la chungwa lililokauka, refu, umelimenya bila kulikata kama kawaida yako. Nimekaa nalo muda.

Hakuna kitabu.

Tulikuwa katika sura za mwisho. Landlord wa lile jengo ameuawa, maiti yake imepatikana ndani ya lifti. Wamemzika. Shosho wa Ghorofa ametoka kwenye mazishi na mkoba umejaa keki. Umeme wa jengo umekatwa. Amesimama gizani, ghorofa ya tatu, anatafuta ufunguo. Halafu anasikia lifti inapanda. Lifti mbovu, bila umeme. Inasimama mbele yake. Mlango unafunguka.

Hapo ulifunga kitabu. Midomo yako ilikuwa ya kijivu. "Kesho," ukasema.

Kesho ilikuwa hospitali.

Mimi nimebaki mbele ya ile lifti tangu siku hiyo. Watu wanakuja kunipa pole, nawapa chai, naitikia, na ndani yangu nimesimama gizani naangalia mlango ukifunguka. Nani yuko ndani? Najua ni aibu. Mjane anapaswa kuwaza mambo makubwa. Mimi nataka kujua nani yuko ndani ya lifti, na nataka uniambie wewe.

Alhamisi, 8 Mei

Umecheka. Sikuenda sebuleni. Nimeimba wimbo wa kanisa kwa sauti mpaka habari ikaanza. Nimechanganya beti.

Ijumaa, 9 Mei

Nimempigia kakako Gatheru simu huko Dundori. Yeye ndiye aliyekwenda mochari kukuvisha, nikafikiri huenda alichukua kitabu pamoja na vitu vyako. Nilimuuliza kwa upole kama ameona kitabu cheusi.

"Biblia yake?" akasema. "Ile ya zipu?"

Nikaelewa mara moja.

Unakumbuka. Jalada la kitabu cha saba lilikuwa limeanza kuchanika, ukakivalisha lile jalada la ngozi la Biblia ya mamako, lenye zipu na msalaba. Kilienea kama kimeshonewa.

Gatheru akaendelea, na sauti yake ilijaa fahari. Alipokuja kukuona wodini alikukuta umekishika, midomo inacheza, maneno ya Kifaransa. Akajua kakake anaomba. Kwa hiyo mochari alikuweka nacho, chini ya mikono, ndani ya koti. Akamwambia Pasta. Ndiyo maana Pasta alihubiri kwamba umelala na Neno mkononi. Nilidhani ni maneno tu ya mahubiri. Kioo cha jeneza kilionyesha uso peke yake.

"Ulikuwa unaitakia nini?" Gatheru akaniuliza. "Biblia ya Kifaransa, wewe ambaye hata Kiingereza unakipiga na fimbo?"

Nikasema basi tu. Nimekata simu, nimekaa sakafuni.

Umezikwa na Shosho wa Ghorofa. Umezikwa na Mjomba Bafu na maiti ya landlord, kwenye shamba la viazi la Gatheru, kwa heshima zote za kanisa. Nimecheka mpaka nimelia, au nimeanza kulia nikaishia kucheka.

Halafu likaniingia wazo baya. Wodini midomo yako ilikuwa inacheza. Ulikuwa unasoma bila mimi?

Jioni sikujificha. Nimekaa kwenye stuli mbele ya kiti chako. Saa ilipofika nimesikia ukurasa ukigeuzwa, mkavu, kama ganda la hindi. Kitambaa cha kiti kikabonyea kidogo. Kisha kicheko, kikohozi, Subiri. Nimesema kwa sauti: "Nimesubiri, Zakayo. Sema."

Hukusema.

Jumapili, 11 Mei

Gatheru amepiga simu nikitoka kanisani. Leo hakuwa na fahari.

Vibarua wa viazi wamegoma kupalilia upande wa kaburi. Wanasema jioni, ukungu ukishuka, kuna mtu anacheka pale kwenye ua wa michongoma. Amewaita walevi. Jana akaenda mwenyewe, na ndoo ya maziwa mkononi. Amesikia. Kwanza puani, amesema. Kisha kikohozi.

"Na kuna kitu anasema," akaniambia. "Anasema subiri. Mama Shiru, tusubiri nini?"

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hilo neno. Lilikuwa letu. Nywele zimesimama mikononi na ni mchana, na majirani wako nje wanaanika nguo.

Mbwa wake habweki, amesema. Anakwenda kukaa mbele ya kaburi, anatikisa mkia.

Jumanne, 13 Mei

Jana nilikwenda Dundori. Nimelala huko, naandika leo.

Baridi kali. Barabara ni tope. Mke wa Gatheru alinipikia viazi na njegere, na hakuniangalia machoni. Jioni tulisimama watatu kwenye ua. Ukungu ulishuka kutoka juu ya mlima kama mtu anavuta shuka. Ng'ombe waliacha kutafuna. Wote kwa pamoja. Sijawahi kusikia zizi kimya namna ile.

Halafu ukacheka, chini ya miguu yetu.

Si mbali. Si kama mwangwi. Kama mtu aliye chumba cha pili na mlango umerudishwa. Kikohozi. Subiri.

Mke wa Gatheru alikimbia. Gatheru alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma, mtu mzima wa kanisa, mrefu vile. Nikamwonea huruma. Nikamwambia ukweli. Kwamba ile si Biblia. Kwamba ni hadithi za familia ya wendawazimu na maiti kwenye lifti. Kwamba kakake anasoma, anafika penye kichekesho, anacheka.

Alivua kofia, akaitazama ardhi.

"Nimemzika ndugu yangu na kitabu cha wauaji," akasema.

"Wauaji wa kuchekesha, Baba Kamau," nikamjibu.

"Na Pasta akahubiri juu yake."

"Alihubiri vizuri."

Aliniangalia kama ananipima kichwa. Kisha akaenda kulala bila kula.

Asubuhi alikuwa ameamua. Jumamosi Pasta atakuja, na wanaume wanne. Watachimba. Si kufukua mtu, amesema, ni kutoa kitabu tu. Wataweka Biblia ya kweli, watafunga, wataomba, na kelele itakwisha. Kitabu atanipa mimi niende nacho.

Nimerudi Lanet na hilo kifuani. Nitapata kitabu. Na hutacheka tena.

Na nina hasira. Acha niandike. Nina hasira nawe. Unasoma huko chini, unacheka kila jioni, unasonga mbele ukurasa kwa ukurasa, na mimi niko mbele ya lifti. Huenda umeshajua muuaji. Huenda umebakiza kidogo tu. Ulikuwa mtu wa sheria maisha yako yote. Moja tu tuliyojiwekea, umeivunja ukiwa umekufa.

Jumatano, 14 Mei

Nimempigia Chebet simu. Yule mwanafunzi wako mrefu kutoka Kuresoi, uliyesema ana ulimi wa Kifaransa kuliko wewe. Sasa yuko Naivasha, shamba la maua, anaongea na wanunuzi wa Ulaya kwa simu. Alikuja mazishi na maua mengi mpaka watu wakauliza ni nani.

Nilimweleza kidogo tu. Sikutaja kicheko. Nilisema kitabu kilipotea kabla hatujamaliza. Nilisema jina la mwandishi kama nilivyolisikia kwako, vibaya. Alilielewa.

"Mathe, hiyo si shida," akasema. Nikasikia akibonyezabonyeza. "Hii hapa. Nimeipata. Iko kwa simu."

Kitabu kimezikwa Dundori na wakati huohuo kiko kwenye simu ya msichana Naivasha. Dunia hii nimeanza kutoielewa.

Akauliza kama aniambie mwisho sasa hivi, ataangalia ukurasa wa nyuma. Nikapiga kelele hapana. Jirani aligonga ukuta.

Alhamisi, 15 Mei

Sikushona vizuri. Nimefumua kiuno cha sketi mara mbili.

Wakichimba, utanyamaza. Hilo nimelikubali kuwa kweli, sijui kwa nini. Wakikuondolea kitabu mikononi utabaki kama maiti wengine. Shiru amepiga simu, anasema nihamie Eldoret, nyumba hii inaniumiza. Nimemwambia nitafikiri. Sifikiri.

Sitaki wachimbe. Hata kama unanidharau kwa kusoma mbele. Afadhali ucheke bila mimi kuliko usicheke.

Jioni nimesikiliza kwa makini. Mlango wa jikoni wazi, mwanga wa nje bado upo. Ukurasa. Puani. Kiti. Kikohozi. Subiri.

Kuna kitu kinanisumbua katika kicheko hicho na sijui ni nini.

Ijumaa, 16 Mei

Chebet amefika na basi la jioni kuja kunisomea, kama nilivyomwomba, amelala hapa. Ameleta waridi zilizokataliwa na wanunuzi kwa sababu shina ni fupi. Nimeziweka kwenye jagi.

Ilibidi nimwambie yote kabla ya saa kufika. Alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Halafu saa ikafika. Alikuwa ameshika kikombe. Hakukimwaga, lakini hakunywa tena. Alisema polepole, "Huyo ni Mwalimu." Akaomba tulale chumba kimoja.

Jumamosi, 17 Mei

Niandike yote kabla sijasahau mpangilio.

Tulifika Dundori kabla ya saa nane. Wanaume wanne walikuwa wamekaa kwenye magunia, majembe yameegemezwa kwenye ua. Gatheru amevaa suti ya kanisa na buti za tope. Biblia mpya mkononi, bado ina lebo ya duka. Pasta hajafika. Gari lake limezama njiani na anatafuta trekta.

Nilimwomba Gatheru. Sijawahi kumwomba kitu, hata ulipokuwa unaumwa. Nilimwambia: kabla hamjachimba, acha huyu msichana asome pale juu, kuanzia tulipoachia. Kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mpaka mwisho.

"Kwa nini?"

"Alisema kesho, Baba Kamau. Hakuwahi kunisomea kesho."

Mmoja wa wale wanne, Karanja anayesaga unga kwenye posho mill, akasema huu sasa ni uchawi wa Kizungu. Mwingine akamwambia mbona anaogopa kusomewa, si yeye hulala kwenye ibada kila Jumapili. Gatheru alitazama barabara. Hakuna Pasta. Akavuta gunia akakaa. "Soma," akasema. "Lakini mahali penye matusi uruke."

Ukungu ulishuka mapema leo. Mbwa alikuja akakaa miguuni kwa Chebet. Simu yake ilimulika uso wake kidogo tu.

Alianza. Sentensi ya Kifaransa, kisha Kiswahili. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Shosho wa Ghorofa gizani. Mkoba wa keki. Lifti inapanda. Inasimama. Mlango unafunguka.

Akasoma sentensi iliyofuata kwa Kifaransa.

Na wewe ukacheka.

Chini kabisa, na karibu kabisa. Puani. Kisha ule mtikisiko, safari hii sikuusikia kwenye kiti, niliusikia kwenye nyayo zangu. Kikohozi. Subiri.

Karanja alisimama, akatazama barabara, akakaa tena. Majani ya viazi juu yako yalikuwa yanatetemeka na hakukuwa na upepo.

Chebet alikuwa analia bila sauti. Lakini alikuwa mwanafunzi wako. Alifuta pua kwa mkono wa sweta akanigeukia mimi, akatafsiri.

Anayetoka kwenye lifti ni landlord. Mwenyewe, mzima, kofia kichwani. Anauliza nani amezima taa za ngazi. Shosho wa Ghorofa anamwangalia juu mpaka chini, mtu aliyezikwa mchana huohuo, anamwambia: "Umechelewa. Chakula kimekwisha."

Nilicheka. Zakayo, nilicheka mpaka nikashika ua na miiba ikanichoma. Gatheru aligeuza uso upande wa zizi, mzee wa kanisa, nikaona mgongo wake unaruka. Mmoja wa wale wanne alisema, "Huyo shosho ni wa kwetu kabisa," na hapo wote wakaangua.

Na nilipokuwa nacheka ndipo nikaelewa kilichokuwa kinanisumbua.

Kicheko kilikuwa kimoja. Jumatatu ile, Jumanne, jana, kila jioni, ni kicheko kimoja, urefu mmoja, kikohozi mahali pamoja. Mtu anayesonga mbele kitabuni hacheki hivyo. Kila kichekesho kina kicheko chake. Wewe hukuwa umesonga. Ulisoma sentensi moja wodini, uliponiona sipo ukaishika, ukaenda nayo. Ulikuwa hapo hapo, mbele ya lifti, upande wako, unaniambia nisubiri kwa sababu wewe unanisubiri.

Hukuvunja sheria. Nilikusingizia.

Chebet aliendelea kusoma. Na sasa, kwa mara ya kwanza, ulicheka tofauti. Kifupi, cha koo, pale Mjomba Bafu anapotolewa bafuni na polisi akiwa na blanketi na sabuni. Kisha kingine, cha kushtukiza, pale bata bukini anapotajwa kama shahidi. Kila mara wewe kwanza. Kila mara sisi nyuma yako. Wale wanaume hawakuogopa tena, au waliogopa lakini walitaka kujua. Karanja alikuwa anamwambia Chebet, "Endelea, endelea, usitucheleweshe." Mke wa Gatheru alileta chai akabaki, amesimama na sinia.

Kurasa za mwisho hukucheka. Si za kuchekesha. Kumbe aliyekufa kwenye lifti alikuwa ndugu wa landlord, aliyevishwa koti lake, na landlord ndiye aliyemuua. Shosho wa Ghorofa anampelekea mama wa marehemu keki zote zilizobaki. Anakaa naye. Hawasemi kitu. Basi, ndio mwisho.

Chebet alisoma sentensi ya mwisho kwa Kifaransa. Akangoja. Tukangoja wote. Ukungu umetuzunguka mpaka sikuona nyumba. Kisha akaisema kwa Kiswahili, nami nikasikia pumzi moja ndefu. Ilitoka chini, ikapita katikati yetu. Mbwa akasimama, akajikung'uta, akaenda zake jikoni. Ng'ombe wakaanza kutafuna.

Pasta alitokea kwa miguu, tope mpaka magotini, akauliza tunaanzia wapi.

"Tumemaliza, Pasta," Gatheru akasema. "Kuja ukunywe chai."

Majembe yalirudishwa stoo. Lakini Gatheru ni Gatheru. Kabla ya kuondoka alifungua ile Biblia mpya juu yako akasoma zaburi nzima, polepole, kama mtu anayesomea mtu. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kile cha chini kikae tu.

Jumatatu, 19 Mei

Sketi zimekwisha. Kesho naanza mashati.

Chebet alirudi Naivasha jana. Amesema hakuna kitabu cha nane, ameangalia. Amesema pia atakuja tena, na sijui kama ni adabu au ni kweli. Nilimfungia viazi vya Dundori.

Jioni niliacha mlango wa sebule wazi. Nimekaa. Mvua ilikuwa nyepesi, matone kwenye bati moja moja. Saa yetu ikafika. Ikapita. Kitambaa cha kiti kilikuwa baridi kama vitu vyote vingine. Jirani aliwasha redio yake, nikasikia habari ikianza.

Sikuogopa. Ilinihuzunisha. Lakini kesho si deni tena kati yetu.

Nimeosha vyombo. Shiru nimemwambia sihami.

Sijui huko uliko kuna nini, kama kuna taa, kama kuna watu wa kuongea nao. Ukikaa nao, na mazungumzo yakafika kwa wake zenu, nitaje. Nikumbuke, Zakayo.